Koo Lake au Koo Zake

Jumatano, 5 Aprili 2006

Watu kumi na mmoja kati ya kumi na wanne wameondoa majina yao. Daktari Annah, anayesimamia utafiti, aliniambia kwa simu saa mbili na dakika kumi asubuhi, kabla sijavua koti lililolowa.

"Wamebaki watatu, Njambi. Nahitaji kumi wa ukoo mmoja. Wasipofika kumi kufikia Ijumaa ya tarehe tisa Juni, familia hii naitoa kwenye utafiti."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua la kujibu.

Naandika mambo yalivyo ili nisije nikayageuza baadaye. Kivuva ana miaka arobaini na sita na anauza viatu vya mtumba soko la Toi. Wateja wa zamani wanasema akinadi viatu ulimsikia ukiwa kwenye maduka ya Adams Arcade. Sasa hasikiki hata mezani. Ana saratani kwenye njia ya chakula, chini kidogo ya koo. Mama yake alikufa nayo, kaka yake akafuata. Daktari Annah anataka kujua kwa nini ugonjwa huu unarudi katika nyumba zile zile na kuruka nyingine. Kivuva alikubali kipande kidogo cha nyama kichukuliwe kooni mwake, kisha akawashawishi jamaa kumi na watatu watoe damu, kila mmoja chupa ndogo isiyozidi kidole.

Jana habari yangu ilitoka ukurasa wa tatu. Ni ya kwanza katika mfululizo ambao mhariri ameuita "Kwa nini watu hutoa". Picha ni Kivuva mbele ya viatu vyake. Juu yake: MCHUUZI WA TOI ATOA KOO KWA WATAFITI.

Koo ni la kumezea. Lakini koo pia ni wingi wa ukoo, na kufikia jana jioni simu zilikuwa zinalia kutoka Kabiria hadi Machakos: Kivuva amezitoa koo za watu, wa kwao na pengine wa mkewe marehemu, zikafanyiwe majaribio.

Sifuna ndiye anayeandika vichwa vya habari. Nilimkuta anakunywa chai.

"Koo lake au koo zake?" nikamwuliza.

"Kichwa kina maneno saba. 'Lake' halikuingia."

"Kuna neno umio."

"Umio nani anajua? Wewe mwenyewe hukuliandika."

Ni kweli, sikuliandika. Nikamwambia nataka kuandika masahihisho. Akaniangalia juu ya miwani. "Uandike nini, dada? Kwamba koo si koo?"

Majina: matatu.

Alhamisi, 6 Aprili

Mvua kutwa. Mwenyekiti wa chama cha ukoo hapa Nairobi anaitwa Mwololo. Nimempigia mara nne, hashiki. Majina: matatu.

Jumamosi, 8 Aprili

Kabiria. Barabara ya kutoka Riruta ni tope, nilivua viatu kwenye mlango wa Kivuva nikabaki na soksi.

Anaishi na dada yake mkubwa, Nzula, karani wa wizara moja mjini ambaye amechukua likizo isiyo na mshahara amwuguze. Kivuva halishwi kwa mdomo tena. Uji mwepesi unapita kwenye mrija ulioingizwa tumboni. Ukutani kuna karatasi ya zamu: nani anasaga wimbi, nani anamsindikiza hospitali, nani analala hapa Nzula akichoka. Niliyasoma majina. Wote kumi na mmoja waliojiondoa kwenye utafiti wamo, na hakuna aliyekosa zamu wiki hii. Wa leo alikuwa jikoni akichuja uji. Alinisalimia kwa kichwa, akageuka.

Kivuva huandika kwa kalamu nene kwenye vifuniko vya maboksi ya viatu. Cha kwanza alichoniandikia: MWANDISHI UMENIUZA BEI YA CHINI. Akacheka kwa mabega.

Niliomba radhi. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi, nikamwuliza tena kwa nini anatoa wakati daktari amemwambia wazi kwamba utafiti hautamponya yeye. Akachukua kifuniko kingine.

KILA KIATU NILICHOUZA KILITOLEWA NA MTU ASIYENIJUA. Akageuza upande wa pili: NA MIMI NIKAUZA.

Nzula hakucheka. Alileta gazeti, limekunjwa mahali nilipomnukuu yeye. "Soma hapa. Kwa sauti."

Nikasoma: "Hii koo yetu imetusumbua miaka mingi, anasema dadake Kivuva."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Nikishika wapi?"

Nikakumbuka. Alikuwa ameshika koo, hapa chini ya kidevu.

"Wewe ulikuwa umekaa hapo, ukaniona. Wa Machakos hakuniona. Gazeti halina mkono."

Miaka ishirini na sita nimejisifu kwamba sisahihishi maneno ya mtu. Akisema "koo yetu" naandika "koo yetu", nisije nikamvisha Kiswahili kisicho chake. Ningeandika "koo letu" watu wangejua ni la kumezea. Siku nne nimemlaumu Sifuna kwa kichwa cha habari, na kumbe waliosoma hadi chini walikuta dada wa mgonjwa mwenyewe akisema ukoo wao una tatizo.

Majina: matatu. Kivuva, Nzula, na binamu mmoja aliye Mombasa, ambaye nadhani hasomi magazeti.

Jumatatu, 10 Aprili

Mfululizo unaendelea. Mama mmoja wa Loresho hupeleka chupa za uji wodi ya saratani kila Ijumaa, mwaka wa sita huu. Kwa nini? "Ijumaa nyumba huwa kimya sana." Niliandika hivyo hivyo. Kisha nikampigia nimsomee nukuu yake kabla haijachapwa. Sijawahi kufanya hivyo kwa mtu yeyote.

Jumanne, 11 Aprili

Mtu aliyetoa damu mara thelathini na moja. Kwa nini? "Mara ya kwanza nilifuata soda." Na baadaye? "Baadaye ilikuwa aibu kuacha."

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu wiki hadi tarehe tisa Juni. Nane kasoro siku mbili.

Alhamisi, 20 Aprili

Mwololo ana duka la mabati na saruji Kawangware. Nilienda bila kuitwa, nikasimama kwenye foleni kama mnunuzi. Zamu yangu ilipofika akasema, "Misumari au maneno?"

"Maneno, mzee."

"Maneno yako tuna stoo nzima."

Lakini alinipa kiti. Ni mtu wa miaka sitini na kitu, mpole kwa wafanyakazi, hainui sauti. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mkaidi. Nilimwambia kosa ni langu, la gazeti na la nukuu, na kwamba niko tayari kuandika masahihisho yenye jina langu.

"Usithubutu," akasema. "Mavi yakikauka hayanuki. Wewe unataka kuyamwagia maji."

Ndipo akanieleza lililo nyuma. Binti yake Carolyne, anayefanya kazi kwenye duka la dawa Adams Arcade, amechumbiwa na kijana anayeitwa Mutinda. Watu wa Mutinda wanatarajiwa Jumamosi ya tarehe tatu Juni kuleta mbuzi watatu wa ntheo, na kwa Wakamba bila ntheo hakuna ndoa hata mkiwa na watoto saba. Wiki moja baada ya habari yangu, mshenga wao alipita dukani. Hakununua kitu. Aliuliza tu kama Kivuva wa gazetini ni wa ukoo wa Mwololo.

"Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Akasema aa, akaenda. Hiyo aa ndiyo nalala nayo."

"Watu wenu wanamwuguza Kivuva zamu kwa zamu," nikasema. "Uji mnatoa, usingizi mnatoa. Damu kidogo inawashinda?"

"Uji najua unaingia tumbo la nani. Hiyo damu inaingia friji ya nani? Halafu karatasi inatoka inasema: hawa wana mbegu ya ugonjwa. Nani ataoa kwetu, mwandishi? Ninyi?"

Mteja nyuma yangu alikohoa. Mwololo akamwambia asubiri, kisha akaniambia kwa upole, "Na wewe umetoa nini, ukiacha jina letu?"

Nilinyanyuka nikamwachia mteja kiti. Majina: matatu.

Ijumaa, 28 Aprili

Mhariri anataka habari ya pili: ukoo gani umekataa, na kwa nini. Anasema ni ukurasa wa kwanza. Anaweza kuwa sahihi. Nilisema sina uhakika wa mambo yote bado. Nina uhakika wa yote.

Jumanne, 2 Mei

Mvua imebomoa ukuta jirani na kliniki ya Daktari Annah. Nilipita huko bila sababu. Aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumapili, 7 Mei

Chama cha ukoo hukutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, alasiri, katika ukumbi wa shule ya chekechea Riruta. Watu wazima hukaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Nzula ndiye aliyeomba suala la Kivuva liwe kwenye ajenda, na daktari aitwe. Mimi niliruhusiwa kukaa karibu na mlango bila daftari. Haya ninaandika kutoka kichwani, saa moja baada ya mkutano.

Walikuwa watu kama hamsini. Kivuva aliletwa na binamu wawili, amefunikwa blanketi, vifuniko vya maboksi vikiwa mapajani.

Daktari Annah alizungumza dakika kumi. Alisema majina hayataandikwa popote, kila chupa itakuwa na namba.

"Na gazeti pia litakuwa na namba?" mtu akauliza kutoka nyuma. Ukumbi mzima ukanigeukia ukicheka.

Nikasimama. "Gazeti halitakuwepo. Sitaandika neno kuhusu ninyi mpaka mniruhusu wenyewe. Msiporuhusu, siandiki."

"Tutajuaje?"

"Ninyi ndio mnajua ninapofanya kazi. Njooni mnisute."

Nikakaa. Kesho nitamweleza mhariri.

Mama mmoja mwenye leso kichwani akamwuliza daktari swali ambalo kila mtu alikuwa nalo. "Tukitoa, Kivuva anapata nini?"

"Hapati kitu," akasema Annah.

"Sisi je?"

"Leo, hapana. Labda baada ya miaka kumi au ishirini tutajua ni nani apimwe mapema kabla chakula hakijaanza kukwama. Labda tusijue. Atakayefaidika pengine hamtamjua."

Mvumo ukapita. Mzee mmoja akasema, "Basi huyo mtu tumsalimie," na watu wakacheka tena. Nilidhani daktari ameshindwa. Ningekuwa mimi ningepamba kidogo. Yeye alisimama tu, mikono mfukoni, akasubiri.

Kivuva aliinua kifuniko. Nzula akasoma kwa sauti: "Mama alipoanza kukwama tulisema ni mfupa wa samaki. Kaka tulisema amerogwa. Mimi nilisema ni chai ya moto. Nimechoka kusema."

Yule mama akaifungua leso yake, akaifunga upya.

Mwololo alisimama taratibu. Alisema hakuna anayemchukia Kivuva, karatasi ya zamu ni ushahidi. Lakini ukoo una mabinti wanaosubiri kuolewa na wavulana wanaosubiri kuoa. Kitu kikiandikwa hospitali, hata kwa namba, hakifutiki. Akaomba wasubiri hadi ntheo ipite, tarehe tatu Juni, ndipo wazungumze.

"Zitabaki siku sita," akasema Annah. "Zinatosha, mkiwa mmeamua."

"Na mbuzi wasipokuja?" akauliza yule mama wa leso.

Mwololo alianza kuketi. Aliyejibu ni binti aliyekuwa amekaa dirishani, na sikujua ni Carolyne hadi alipofungua mdomo.

"Baba, naomba kuongea."

"Hapa si nyumbani."

"Ndiyo maana. Nyumbani unaniambia si hapa." Watu wakaguna. "Hawa mbuzi ni wangu. Nimeshamwambia Mutinda kila kitu, hata kwamba nyanya ya Kivuva naye alikwama chakula, jambo ambalo hamkumwambia daktari. Kama mwanamume atakimbia kwa sababu ya sindano moja, si akimbie sasa nikiwa bado na nguvu ya kutafuta mwingine?"

"Mutinda alisemaje?" Nzula akauliza.

"Alinyamaza."

"Siku ngapi?"

"Hii ni ya tano."

Carolyne akaenda mbele, akakunja mkono wa sweta na kumtazama daktari. Annah akasema hakuja na vifaa, leo ni maelezo tu. Kwa hiyo Carolyne alisaini fomu akiwa amesimama na mkono ule ule wazi, jambo lililowachekesha hata waliokuwa wamekasirika. Binamu wawili waliomleta Kivuva wakasaini baada yake.

Mwololo hakumzuia. Alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka kabla ya sala ya kufunga. Nilimpisha mlangoni. Nilikuwa nimemweka katika fungu la watu wanaozuia. Nilipomwona anatafuta mwavuli ulio mkononi mwake, nilijua sikumsoma vizuri.

Majina: sita.

Jumatatu, 8 Mei

Mhariri alisikiliza hadi mwisho, akasema mfululizo umehamishiwa kwa mtu mwingine. Nimepewa habari za baraza la jiji, mitaro iliyoziba.

Jumanne, 16 Mei

Nzula amempata mpwa wake aliyekuwa amejiondoa. Hakumbembeleza. Alimkuta kwenye zamu yake ya uji, akamwekea fomu kando ya chujio. Majina: saba.

Jumamosi, 20 Mei

Mitaro. Majina: saba.

Jumatano, 24 Mei

Mvua zimekatika, baridi imeanza. Waliobaki ni Mwololo na ndugu zake wawili, na hao wawili hawafanyi lolote bila yeye. Wengine ama wamekataa kabisa ama wako mbali. Kwa hiyo kumi ni Mwololo, au si kumi.

Kivuva amekuwa mwepesi, godoro halibonyei. Kalamu imemshinda. Ananyanyua vidole kuuliza. Nikamwambia saba. Akafungua kiganja kingine, vidole vitatu, akavitazama kama deni la mtu mwingine. Nzula akavikunja, akavirudisha chini ya blanketi.

Jumanne, 30 Mei

Kivuva amefariki saa tano asubuhi, Kabiria, nyumbani. Nzula alinipigia mwenyewe. Aliyekuwa zamu ni ndugu mdogo wa Mwololo.

Alhamisi, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Ofisi imefungwa, sikuweza kukaa nyumbani. Nilienda Kabiria kwenye matanga.

Maziko ni Jumamosi ya tarehe kumi, Mbooni. Ukoo ukiwa na maiti haupokei mbuzi, kwa hiyo ntheo ya Jumamosi hii imeahirishwa. Mutinda alikuja jana kutoa pole. Alikaa na wanaume, akanywa chai, akaosha kikombe chake mwenyewe. Watu wake hawakuja naye. Nilimwuliza Carolyne maana yake nini. "Maana yake kikombe kimeoshwa," akasema.

Mwololo alikuwa chini ya turubai akipanga magari. Alinipa mkono. Akarudi kwenye magari yake. Nilifanya hesabu yangu: alikuwa amesema wasubiri hadi ntheo ipite, na sasa ntheo haipo, na siku ya mwisho ya daktari ni Ijumaa, siku moja kabla ya maziko. Nilimpigia Annah kumwomba aongeze wiki. Alikataa. Alisema familia nyingine nne zinasubiri tarehe hiyo hiyo, na akisogeza kwa mmoja hana utafiti tena, ana huruma tu. Kipande cha Kivuva walishakichukua, kwa hiyo jina lake linabaki.

Majina: saba.

Jumapili, 4 Juni

Mkutano wa matanga, saa kumi na moja jioni. Baada ya sala Mwololo alieleza habari za safari: basi moja, litaondoka Ijumaa asubuhi, watu wafike mapema, wabebe nguo nzito. Kisha akasema ana tangazo la mwisho. Nilifikiri ni la jeneza.

"Nilisema tusubiri ntheo. Nilitaka kwanza nione mbuzi, ndiyo nitoe mkono. Mbuzi hawapo. Hawajakataa, hawajakubali." Akakunja orodha ya safari. "Nimezika mama ya huyu. Nikazika kaka yake. Sasa yeye. Kila mara nauliza kwa nini, pasta ananijibu vizuri, nashukuru. Safari hii nataka na mtu mwingine ajibu. Hata kama atajibu nikiwa nimelala."

Ndugu yake mkubwa akauliza kwa Kikamba kitu ambacho sikukipata. Nzula alinitafsiria: na wakwe wakija wakute tumetoa?

"Watatukuta tumetoa," akasema Mwololo.

Carolyne alikuwa kwenye sufuria za nje. Alisimama na mwiko mkononi hadi baba yake alipokaa, kisha akaendelea kukoroga.

Nilipokuwa naaga, Mwololo alinifuata hadi barabarani. Alisema naweza kuandika, kwa masharti mawili: jina la ukoo lisiwemo, na nimsomee maneno yake kabla ya kuchapwa. Nikamwambia habari hiyo si yangu tena, mimi niko kwenye mitaro.  "Basi andika ya mitaro," akasema, "hii tutamwambia daktari."

Nimempigia Annah saa moja na nusu. Atakuja na kikasha cha barafu na sindano tatu, moja ya Mwololo na mbili za ndugu zake. Ijumaa, tarehe 9 Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukumbi wa chekechea, Riruta. Basi la maziko linaondoka saa moja kamili. Ntheo haijapangiwa tarehe.